Sahani za udongo zisizokubaliana: kosa liko wapi?

"Shikamoo mtaalamu. Nasoma mwaka wa tatu hapa Dodoma. Mradi wangu ni kulinganisha bakteria wa udongo wa shamba la zabibu linalowekwa samadi na shamba jirani la mtama lisilowekwa kitu, yote yako upande wa Hombolo. Nilipima gramu 10 za udongo nikatia kwenye mililita 90 za maji yaliyokenekwa, nikazimua mara kumi kila neli mpaka 10⁻⁶. Pipeti ilikuwa moja tangu mwanzo hadi mwisho kwa sababu ncha ni chache. Nilipanda mililita 0.1 kwenye agari ya nutrienti (midia, yaani chakula cha bakteria kilichogandishwa), nikaacha nyuzi 37 kwa saa 24. Zabibu: 10⁻³ haihesabiki, 10⁻⁴ makoloni (vidoa vya bakteria walioota) 212, 10⁻⁵ makoloni 48, 10⁻⁶ makoloni 15. Mtama: kwenye 10⁻⁴ sahani moja imefunikwa yote na utando, nyingine ina 31. Sahani niliyoiacha bila kupanda kitu nayo ilitoa 3. Nilipiga hesabu nikapata 2.12 × 10⁶ kwa gramu. Msimamizi anasema namba hazishikani, nirudie. Nimebakiwa na sahani 40. Je, shida ni udongo, ni midia au ni mkono wangu? Na kwa nini nisitumie tu ile 212, si iko kati ya 30 na 300?"

Marahaba. Udongo wako hauna neno. Midia yako ina lawama kidogo, joto ulilotumia lina lawama zaidi, na pipeti ndiyo mshtakiwa mkuu. Msimamizi wako ana haki, na sahani 40 zinatosha kabisa kurudia kazi hii ukizipanga vizuri.

Nianze na hiyo 212, maana ndiyo inayowanasa wengi. Sahani zote tatu za zabibu zinajibu swali moja: gramu moja ya udongo ule ina bakteria wangapi wanaoweza kuota? Kwa hiyo ukipiga hesabu kutoka sahani yoyote, majibu yanapaswa kukaribiana. Hebu tuone. Makoloni 212 ukiyagawa kwa 10⁻⁴ na tena kwa 0.1 unapata milioni 21.2. Ukianza na 48 za 10⁻⁵ unapata milioni 48. Ukianza na 15 za 10⁻⁶ unapata milioni 150. Udongo mmoja, mkono mmoja, siku moja, na jibu la mwisho ni mara saba ya la kwanza. Kanuni ya 30 hadi 300 inakuambia sahani ipi inahesabika bila macho kuchanganyikiwa na bila bahati kutawala. Haikuambii kama kilichofika kwenye sahani hiyo kilifika kwa njia halali. Ile 212 imetoka kwenye mlolongo uleule uliopotoka. Huenda imeharibika kidogo kuliko zilizofuata, ila huna namna ya kujua ni kidogo kiasi gani.

Umeona pia kwamba jibu langu la kwanza ni milioni 21.2, nawe uliandika milioni 2.12. Ulisahau ile 0.1. Ulipopanda sehemu ya kumi ya mililita, ulizimua mara kumi nyingine bila kutumia neli. Andika ujazo uliopanda juu ya kila ukurasa wa daftari, pembeni ya mzimuo. Kosa hili linapita hata kwenye ripoti zilizosahihishwa, kwa sababu namba yenyewe haionekani ya ajabu.

Sasa pipeti. Ukishamwaga mililita moja kwenye neli inayofuata, kwenye ukuta wa ndani hubaki utando mwembamba wa maji, na nje kwenye ncha huning'inia tone dogo. Tuseme vyote pamoja ni mililita 0.05. Inaonekana si kitu. Lakini maji hayo yametoka kwenye neli iliyo na bakteria mara kumi zaidi ya ile unayokwenda kuchota, kwa hiyo 0.05 yake ina bakteria sawa na nusu mililita ya neli mpya. Ulidhani umehamisha mililita 1. Kwa hesabu ya bakteria umehamisha 1.5. Hatua inayofuata inarithi kosa hilo na kuongeza la kwake. Ukizamisha pipeti mpaka katikati ya neli, ukuta wa nje nao unabeba mzigo, na tope jekundu la Dodoma linanata kwenye kioo kuliko maji matupu.

Hata hivyo mabaki ya pipeti peke yake hayatoshi kueleza sahani zako. Kutoka 212 hadi 48 umeshuka mara 4.4, kutoka 48 hadi 15 umeshuka mara 3.2 tu, wakati ulipaswa kushuka mara kumi kila hatua. Kuna kitu kingine kilichosukuma upande uleule. Bakteria wa udongo hawaelei mmojammoja. Wamejibandika kwenye chembe za mfinyanzi na mboji kwa ute wao wenyewe, makumi kwa pamoja. Kama hukutikisa vya kutosha kwenye chupa ya kwanza, donge lenye bakteria hamsini linapita kwenye neli mbili tatu likiwa zima, kisha linavunjika huko chini unapoendelea kutikisa. Neli ya 10⁻⁶ inajikuta na vipande vingi kuliko hesabu ilivyoruhusu. Dawa yake ni kumaliza kazi ya kuvunja madonge mapema, kwenye chupa ya 10⁻¹, kabla hujaanza kuzimua.

Hapa ndipo unapojifunza kusoma sahani kama daktari anavyosoma cheti cha maabara. Namba zikishuka chini ya mara kumi kila hatua, tafuta mabaki ya pipeti au madonge. Zikishuka mara ishirini au thelathini, tafuta kiputo cha hewa kwenye pipeti, neli ambayo haikutikiswa, au bakteria wanaokufa ndani ya maji. Zikiruka huku na huku bila mpangilio, kwa kawaida ni kuchanganya hafifu: chembe zimezama, mara unachota juu palipo na maji mepesi, mara chini palipo na tope.

Maji nayo yana neno. Maji yaliyokenekwa hayana chumvi, na seli iliyoishi kwenye udongo ikitumbukia humo hunyonya maji na nyingine hupasuka. Tumia gramu 8.5 za kloridi ya sodiamu ya maabara kwa lita moja ya maji hayo. Kwa udongo wenye mfinyanzi mwingi, hasa ule mweusi wa mbuga, chupa ya kwanza iwe na pairofosfeti ya sodiamu ya asilimia 0.1 badala ya chumvi, maana inaachanisha chembe za mfinyanzi. Neli zinazofuata ziwe na maji ya chumvi kama kawaida. Na usikawie. Tangu umalize kutikisa chupa ya kwanza mpaka tone la mwisho lisambazwe kwenye agari, lenga dakika 20, zisizidi 30.

Nyuzi 37 ni joto la mwili wa binadamu. Umelirithi kutoka maabara ya hospitali, na huko lina sababu yake. Bakteria wengi wa udongo wanataka nyuzi 28 hadi 30, na wengi wao ni wavivu: kwenye saa 24 unaona wale wenye pupa tu. Hesabu saa 48, hesabu tena saa 72, na ukiweza tena siku ya tano. Weka alama ya kalamu chini ya sahani kwa kila koloni ulilokwisha kuhesabu, ujue yapi ni mapya. Kama inkubeta (kabati la joto la kuoteshea) mnagombania na wenzenu wa afya walioitega 37, afadhali sanduku lililofunikwa kwenye chumba kinachobaki karibu na nyuzi 28, mradi uandike kipimajoto asubuhi na jioni na sahani za mashamba yote mawili zikae humohumo. Hewa yetu ya kiangazi ni kavu mno na agari husinyaa, kwa hiyo tia sahani kwenye mfuko wa plastiki usiobanwa sana, au weka pamba yenye maji kwenye kona ya sanduku.

Kuhusu midia, agari ya nutrienti kwa nguvu yake kamili ni karamu kubwa mno kwa viumbe waliozoea njaa. Wachache wanaoota haraka wanatanuka na kuwafunika wengine. Midia ya R2A, yenye chakula kidogo, ni bora kwa kazi hii. Kama hamna, nguvu ya moja ya kumi inafanya kazi vizuri: kwa unga unaoelekezwa gramu 28 kwa lita, ambao ndani yake gramu 15 ni agari, chukua gramu 2.8 na uongeze agari tupu gramu 13.5. Soma kibandiko cha kopo lako kwanza, kwani watengenezaji hutofautiana. Lakini ukikosa agari tupu, baki na nguvu kamili. Itakupa namba ndogo kidogo, na kwa kuwa unalinganisha mashamba mawili, kitu cha lazima ni kwamba yote mawili yapate kitu kilekile.

Ule utando uliofunika sahani ya mtama si ajali ya udongo. Kuna bakteria, wengi wa jamii ya Bacillus, wanaosambaa juu ya agari wakipata unyevu. Itazame sahani hiyo kwa kuiinamisha kwenye mwanga: utaona ngozi nyembamba yenye kingo kama manyoya, na mara nyingi inaanzia pale tone la maji lilipodondoka kutoka kwenye kifuniko. Ulimimina agari ya moto sana, mvuke ukaganda juu, ukarudi chini. Subiri ipoe hadi nyuzi 50 hivi, kiasi ambacho unaweza kuishika flaski kwa kiganja bila kuiachia. Mimina mililita 18 kwa sahani, zikishaganda zigeuze kichwa chini uziache usiku mzima zikauke. Wakati wa kusambaza, endelea kuzungusha fimbo ya kioo mpaka usikie inakwama kidogo juu ya agari. Hapo ndipo maji yamenywewa. Ukiacha uso unang'aa, umewaandalia njia. Sahani yenye utando usiihesabu, wala usiichukulie kuwa sifuri. Iandike "imefunikwa".

Makoloni matatu kwenye sahani isiyopandwa yanasema kitu, ila inategemea yalivyo. Kama yanafanana na mengine yamezama ndani ya agari, midia haikutakasika. Kama yako juu tu, ya rangi tofauti tofauti, moja lina manyoya ya fangasi, hiyo ni hewa. Kuanzia Juni hadi Oktoba upepo wa Dodoma hubeba vumbi, na vumbi hilo ndilo udongo wenyewe unaoupima. Funga madirisha, zima feni dakika 15 kabla, panguza meza kwa spiriti ya asilimia 70, fanya kazi karibu na mwali, na kifuniko ukiinue upande mmoja tu kwa upenyo wa vidole viwili.

Ikiwa dalili zinaonyesha midia, kagua otoklevu, yaani chombo cha kutakasia kwa mvuke wa shinikizo, na hapa kuna jambo linalosahaulika katika mji wetu. Dodoma iko karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Otoklevu ya aina ya sufuria, inayosomwa kwa mshale wa shinikizo, ikionyesha paundi 15, ndani kuna nyuzi kama 119 badala ya 121, kwa sababu hewa ya nje inayosaidia kukandamiza ni nyepesi. Kama kifaa chenu kinapima joto lenyewe, huna la kubadili. Kama ni cha mshale, fundi akikubali kipandishwe hadi paundi 17. Asipokubali, ongeza muda kutoka dakika 15 hadi 25. Usiweke uzito juu ya vali hata siku moja. Na usifunge tundu la kutolea hewa mpaka mvuke utoke mfululizo dakika kadhaa, maana hewa iliyonaswa humo inashusha joto bila mshale kukuambia.

Otoklevu inaleta kosa jingine la kimyakimya. Ukijaza mililita 9 kwenye neli kisha ukatakasa, sehemu inatoka na mvuke, unabaki na 8.6 au 8.8. Takasa maji ya chumvi kwenye chupa kubwa, yakipoa ndipo ugawe mililita 9 kwa pipeti safi kwenye neli tupu zilizotakaswa.

Sasa nikuguse pale ambapo pengine hukutegemea: sampuli. Sahani tatu kutoka neli moja hazikupi sampuli tatu. Zinaonyesha kama mkono wako umetulia, basi. Kama ulichota udongo sehemu moja ya shamba, una sampuli moja hata ukipanda sahani mia. Katika kila shamba gawa sehemu tatu. Katika kila sehemu chota mashimo matano, kina cha sentimita 0 hadi 15, ukiondoa majani ya juu. Changanya kwenye ndoo safi, chukua nusu kilo. Hiyo ndiyo sampuli moja. Shamba la zabibu chota palepale kwa kila shimo, ama karibu na shina ama katikati ya mistari, usichanganye. Tia kwenye mfuko safi, ndani ya kisanduku chenye barafu, ufike nao siku hiyohiyo. Buti la gari lililoegeshwa juani mwezi wa Oktoba linaweza kupika sampuli kabla hujafika mjini. Ukifika, chekecha kwa chekecheo la milimita 2 na uhifadhi nyuzi 4, upande ndani ya saa 24. Wala usiuanike. Udongo wa kupima pH na fosforasi ndio unaoanikwa. Wa bakteria unabaki na unyevu wake.

Kuna suala la haki pia katika ulinganisho wako. Shamba la zabibu linapata samadi, lakini pia huenda linamwagiliwa, lina mizizi ya kudumu, na halilimwi kama la mtama. Ukipata tofauti, huwezi kusema ni samadi. Ama andika kwamba unalinganisha mashamba mawili yanayotunzwa tofauti, ama tafuta mkulima mwenye mistari ya zabibu iliyowekwa samadi na mingine ambayo haijawekwa, shamba moja. Njia ya pili ni ngumu kidogo kuipata, ila jibu lake lina uzito. Wataalamu wa zabibu wa TARI (taasisi ya utafiti wa kilimo) Makutupora ni watu wazuri wa kuwauliza kuhusu upande huo.

Mpango wa sahani 40 niuonavyo ni huu. Mbili ni za majaribio, moja kwa kila shamba. Zigawe robo nne kwa kalamu upande wa chini, kila robo mzimuo mmoja: 10⁻³, 10⁻⁴, 10⁻⁵, 10⁻⁶. Dondosha matone matatu ya mikrolita 20 katika kila robo, kutoka urefu wa sentimita 2, uache yakauke dakika 20 kabla ya kugeuza. Njia hii ya matone ilichapishwa na Miles na Misra mwaka 1938 na inaokoa sahani nyingi. Tuseme matone ya 10⁻⁵ yametoa wastani wa makoloni 4, mililita 0.1 ni mara tano ya tone, kwa hiyo sahani nzima ya 10⁻⁵ itakupa kama 20, na ya 10⁻⁴ kama 200. Basi shamba hilo utapanda 10⁻⁴ na 10⁻⁵. Udongo wa mtama huenda ukahitaji 10⁻³ na 10⁻⁴. Sampuli sita, mizimuo miwili, sahani tatu kila mmoja: hizo ni 36. Zinabaki mbili. Moja panda maji ya chumvi matupu kwa pipeti ileile unayotumia, nyingine iache wazi mezani muda wote wa kupanda sampuli moja.

Siku ya kazi, pima gramu 10 za udongo wenye unyevu wake ndani ya mililita 90, tia shanga za kioo zilizotakaswa ukiwa nazo, tikisa kwa mashine dakika 10 hadi 20. Kwa mkono ni dakika tano za nguvu kweli, mpaka mkono uume. Acha sekunde 30 mchanga mzito uzame, kisha chota katikati ya kimo cha maji, usichote kwenye matope ya chini. Muda huo wa kusubiri uwe uleule kwa sampuli zote. Mwaga mililita 1 kwenye neli ya mililita 9 ukigusa ukuta wa juu ya maji, tupa ncha. Tikisa neli sekunde 15. Chukua ncha mpya, ivute na kumwaga mara tatu ndani ya maji hayo ili ilowe, chota mililita 1, endelea. Ncha inazama milimita chache tu.

Ncha chache? Kufika 10⁻⁵ unahitaji ncha nne za kuzimulia kwa sampuli. Za kupanda inatosha moja kwa sampuli nzima, kwa sharti uanze na neli iliyozimuliwa zaidi ukirudi kwenye nzito: 10⁻⁵ kwanza, halafu 10⁻⁴. Ukienda upande huo, mabaki ya ncha ni hafifu kuliko unachochota, hayadhuru. Kwa hiyo sampuli sita zinataka ncha 30, na za majaribio kidogo. Zilizotumika zioshwe kwa sabuni, zisuuzwe vizuri na zitakaswe upya. Kwa kazi ya kuhesabu makoloni zinafaa. Pipeti za kioo nazo zinafaa: ziba pamba juu, funga kwenye karatasi, oveni nyuzi 160 kwa saa mbili. Ya kunyonya kwa mdomo, hapana.

Siku hiyohiyo pima gramu 10 nyingine za kila sampuli kwenye kibati, oveni nyuzi 105 kwa saa 24, upime tena. Tuseme zimebaki 8.8. Na tuseme sahani za 10⁻⁴ zimetoa 164, 151 na 178, na za 10⁻⁵ zimetoa 14, 19 na 17. Kwanza angalia mshuko: wastani 164 dhidi ya 17, karibu mara kumi. Mkono umetulia. Wastani wa 164 ukigawa kwa 10⁻⁴ na kwa 0.1 ni milioni 16.4, gawa kwa 0.88 upate milioni 18.6 kwa gramu ya udongo mkavu. Andika 1.9 × 10⁷, tarakimu mbili zinatosha. Kutofanya hatua hii ya ukavu kungeupunja udongo wa zabibu uliomwagiliwa dhidi ya ule mkavu wa mtama. Kwa kulinganisha mashamba kitakwimu, geuza kwanza kuwa logi ya kumi, hapa 7.3, utumie namba tatu za kila shamba.

Mbona 30 ndiyo mpaka wa chini? Kwa sababu ya bahati tupu. Hata mkono wa malaika ungepata mtawanyiko unaokaribia kipeuo cha pili cha idadi: kwenye makoloni 100 ni kama 10 juu au chini, yaani asilimia 10. Kwenye 30 ni asilimia 18. Kwenye 4 ni asilimia 50, na hapo hujapima kitu. Juu ya 300 makoloni yanabanana, yanaungana, mengine yanakosa chakula.

Katika ripoti usiandike "idadi ya bakteria". Andika vitengo vinavyounda koloni kwa gramu ya udongo mkavu. Kuhesabu makoloni ni kama kuhesabu daladala zilizoingia stendi: hujui kila moja imebeba abiria wangapi. Tena wapo wasiopanda daladala kabisa. Staley na Konopka waliandika mwaka 1985 juu ya pengo hili kati ya wanaoonekana kwa hadubini na wanaoota kwenye sahani. Kwa udongo, wanaoota mara nyingi ni kama asilimia moja tu. Hilo halifanyi kazi yako kuwa bure. Unalinganisha sehemu ileile ya jamii katika mashamba mawili, kwa njia ileile.

Mambo machache usiyafanye peke yako. Otoklevu isiyopandisha au inayovuja mvuke, mwite fundi wa maabara, usifungue wala kugongagonga. Ukipata tena mshuko chini ya mara sita baada ya kubadilisha ncha kila hatua, mwombe msimamizi au fundi akuangalie ukifanya mlolongo mmoja mzima. Jicho la mtu aliyesimama pembeni huona kitu ambacho maelezo ya maandishi hayawezi kukionyesha. Pipeti ya kubonyeza nayo ikaguliwe: mililita 1 ya maji yaliyokenekwa kwenye mizani iwe karibu sana na gramu 1, ukipima mara kumi.

Usichote kamwe udongo mahali ng'ombe au mbuzi alipokufa ghafla, hasa akitokwa damu puani. Mbegu za kimeta hudumu ardhini miongo kadhaa, na koloni lake linafanana na la ndugu zake wa Bacillus wasio na madhara kiasi kwamba wewe na mimi hatuwezi kuamua kwa macho. Ukiambiwa na wenyeji kwamba hapo palikufa mifugo, achana napo na utoe taarifa kwa ofisa mifugo. Mtu aliyeshika udongo au mzoga akatokwa kidonda kisichouma chenye kovu jeusi katikati aende hospitali siku hiyo, aseme alichoshika.

Sahani zilizoota usizinuse, na zenye fangasi usizifungue mezani. Zibandike kwa utepe ubavuni, piga picha ukiwa umeweka rula pembeni, na zikishahesabiwa zitakaswe dakika 30 hadi 45 kabla ya kutupwa. Ukienda kwa msimamizi, nenda na picha hizo, daftari lenye saa ya kila hatua, na namba za sahani zote, pamoja na zile unazotamani zisingekuwepo.